Kicheza Santuri Kinapogoma: Anza na Dalili, Bisibisi Baadaye

Malalamiko ya wenye vicheza santuri yanafanana. Inavuma. Inaruka. Upande mmoja umekufa. Nyimbo zinavutika kilevi. Sauti haitoki kabisa. Ukiyafuatilia mpaka kwenye chanzo, mengi yanaishia kwenye eneo dogo sana, kuanzia ncha ya sindano hadi tundu ambamo waya unachomekwa kwenye amplifaya. Mota na saketi za ndani huharibika pia, ila si mara nyingi kama watu wanavyodhani, na mashine nyingi zilizokufa moja kwa moja ziliuawa na bisibisi ya mwenyewe kabla uzee haujazifikia. Kwa hiyo hapa tunatoka nje kwenda ndani, na kwa kila dalili tunaanza na sababu inayotokea sana.

Tukubaliane majina kwanza. Santuri ni ile yenye muziki. Sahani ni ile inayozunguka na kubeba santuri. Mkono unabeba kichwa, kichwa kinabeba katriji (kile kinachogeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme), na katriji inabeba sindano kwenye kijiti chembamba. Nyuma ya mkono kuna uzani unaozungushwa ili kupanga sindano ikandamize santuri kwa gramu ngapi.

Kabla ya kugusa chochote, jiulize maswali matatu. Tatizo lipo kwenye santuri zote au moja tu? Lilianza lini, na siku hiyo kilihamishwa au kubadilishwa nini? Ukiunganisha chanzo kingine kwenye amplifaya hiyohiyo, simu kwa mfano, sauti inatoka vizuri? Maswali hayo pekee huondoa nusu ya kazi. Na kila mara unapotaka kuinua sahani au kuangalia chini ya mashine, chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu katika mashine nyingi umeme wa ukutani unafika ndani hata swichi ikiwa imezimwa.

SAUTI NI NDOGO MNO, IMEKAUKA, HAINA BESI

Hili ndilo la kwanza kwa wanaoanza, na mara nyingi mashine haina kosa lolote. Katriji ya kawaida ya sumaku hutoa umeme wa milivolti 3 hadi 5 tu, wakati tundu la kawaida la amplifaya linatarajia mamia ya milivolti au zaidi. Isitoshe, santuri haikukatwa kwa sauti kama unavyoisikia. Tangu katikati ya miaka ya 1950 watengenezaji wanafuata kanuni moja: wakati wa kuchonga mifereji, besi inapunguzwa ili isile nafasi na sauti za juu zinaongezwa ili zishinde mkwaruzo wa santuri. Kwenye ncha za kipimo, tofauti hiyo inakaribia desibeli 20 kila upande. Lazima kitu fulani kiigeuze tena, na kitu hicho ni priamplifaya ya fono.

Basi angalia hivi. Nyuma ya amplifaya tafuta tundu lililoandikwa PHONO na uchomeke hapo, si AUX wala CD. Kama halipo, angalia nyuma ya mashine yenyewe, kwa kuwa nyingi za siku hizi zina priamplifaya ndani na swichi ndogo yenye alama PHONO na LINE. Ukichomeka kwenye AUX, swichi iwe LINE. Ukichomeka kwenye PHONO, swichi nayo iwe PHONO. Kama huna kimojawapo, utahitaji kisanduku cha priamplifaya katikati.

Kinyume chake nacho kipo. Sauti inatoka kubwa kupita kiasi, imejaa besi yenye matope na inapasuka hata ukiifungua kidogo. Hapo umepitisha sauti kwenye priamplifaya mbili. Zima moja.

Kama kila kitu kiko sawa na sauti bado ni ndogo, soma namba ya katriji. Zipo katriji za koili inayotembea ambazo hutoa milivolti 0.2 hadi 0.5 tu, na zinahitaji priamplifaya ya aina yake. Haijaharibika, imeunganishwa tu na kifaa kisicho chake.

INAVUMA

Mvumo mzito usiokoma, unaoongezeka ukiongeza sauti. Karibu kila mara ni ethi (njia ya umeme kwenda ardhini).

Nyuma ya mashine, pamoja na pini nyekundu na nyeupe, kwa kawaida kunatoka waya mwembamba wenye kipande cha chuma cha umbo la uma. Huo unafungwa kwenye skrubu ya amplifaya iliyoandikwa GND. Watu wengi hawaufungi kwa sababu hawajui kazi yake, au ulikatika wakati wa kuhama. Jaribio ni rahisi: fungua sauti kidogo bila kucheza santuri, kisha gusa mkono wa chuma wa mashine kwa kidole. Mvumo ukipungua au ukibadilika, ethi haipo au imelegea. Kwaruza kutu kwenye skrubu, fungisha tena, jaribu upya. Kama waya umefungwa vizuri na mvumo unazidi, ufungue. Baadhi ya mashine, hasa zenye priamplifaya ndani, tayari zina njia yao ya ethi, na njia ya pili huleta mvumo badala ya kuuondoa.

Sababu inayofuata ni pini za sauti. Zizungushe kidogo ndani ya matundu yake huku unasikiliza. Ukisikia mkwaruzo na mvumo unakuja na kuondoka, safisha pini kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili, au badilisha waya mzima.

Ya tatu ni ujirani mbaya. Transfoma ya amplifaya, adapta ya umeme au kifaa cha intaneti kilichokaa ubavuni mwa mashine humwaga uga wa sumaku, na katriji, ambayo yenyewe ni koili na sumaku, inaudaka. Inua mkono bila kushusha sindano, usogeze polepole kutoka ukingoni kwenda katikati. Mvumo ukipanda kadiri kichwa kinavyokaribia upande fulani, umempata mhusika. Sogeza mashine nusu mita tu na usikilize tofauti.

Kuna mvumo mwingine usiotokana na umeme kabisa. Unaanza pale tu sindano inapogusa santuri, unakua wenyewe mpaka unakuwa ngurumo, na koni za spika unaziona zikicheza. Hapo sauti ya spika inatikisa rafu, rafu inatikisa sindano, sindano inarudisha mtikisiko kwenye spika. Ili kuthibitisha, weka sindano juu ya santuri iliyosimama, mota imezimwa, kisha gonga rafu polepole kwa ukucha. Mlio huo ukisikika kwa nguvu kwenye spika, tatizo ni meza. Ondoa spika kwenye rafu ya mashine. Hakuna kingine kinachofanya kazi vizuri kama hicho, hata hizo pedi za mpira zinazosifiwa sana.

SIMAMA HAPA: ukigusa sehemu ya chuma ukahisi umeme unakuchezea kidoleni, chomoa plagi na usiirudishe mpaka fundi wa umeme aipime mashine na amplifaya. Na usikubali ushauri wa kukata pini ya ethi kwenye plagi ya ukutani ili mvumo uishe. Mvumo unaweza kuisha kweli, na kinga yako ikaisha nao.

UPANDE MMOJA HAUSIKIKI

Usianze kufungua kichwa. Badilisha kwanza pini mbili nyuma ya amplifaya, nyekundu iende kwenye nyeupe na nyeupe kwenye nyekundu. Kimya kikihamia spika ya pili, kosa liko kwenye mashine au waya wake. Kikibaki palepale, kosa liko kwenye amplifaya au spika, na mashine iache ipumzike.

Kama ni mashine, chanzo cha kwanza ni pale kichwa kinapoungana na mkono. Kwenye vichwa vinavyotoka, fungua ile pete, chomoa kichwa, futa vijipini vinne kwa kitambaa kikavu na urudishe. Mafuta ya vidole na hewa yenye unyevu hujenga utando juu yake. Ukisikia upande uliokufa umefufuka kwa siku mbili kisha ukafa tena, safisha hapohapo kwa alkoholi.

Chanzo cha pili ni nyaya nne ndogo nyuma ya katriji. Rangi zake zinafuata desturi moja karibu kila mahali: nyeupe ni kushoto, bluu ni marejeo ya kushoto, nyekundu ni kulia, kijani ni marejeo ya kulia. Vifuniko vyake vya chuma hulegea. Visukume kwa kibano chembamba, taratibu, huku umeshika mwili wa katriji na siyo sindano. Kikiwa kipana mno, kitoe, kibane kidogo, kirudishe.

Chanzo cha tatu ni waya uliokatika ndani ya mkono, na hapo mimi ningekuachia fundi. Nyaya hizo ni nyembamba kuliko uzi wa kushonea, na kuvuta vibaya kunaharibu beringi za mkono pia. Vilevile usithubutu kuchomea risasi moja kwa moja kwenye pini za katriji, kwa kuwa joto hupanda hadi kwenye koili na kuziua.

SINDANO INARUKA AU INARUDIA NENO LILELILE

Swali la kwanza ni santuri ngapi. Inaruka mahali palepale pa santuri moja? Santuri hiyo ina mkwaruzo, uchafu uliogandamana au imepinda. Iangalie kwa pembeni chini ya taa, utaona. Futa kwa brashi laini ya nyuzi za kaboni huku inazunguka. Ikibaki, isafishe kwa maji yaliyokenekwa na kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji, bila kuifuta kwa kukatisha. Tahadhari moja kubwa: santuri nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika nyingi zimetengenezwa kwa sheli (shellac, utomvu mgumu), na alkoholi huyeyusha sheli. Dawa inayofaa santuri ya plastiki inaweza kuilamba ile ya zamani mpaka mifereji ipotee.

Kama zinaruka santuri zote, geukia mashine, na geukia kwa mpangilio huu.

Tazama sindano kwa lenzi. Mara nyingi ina kishungi cha vumbi ambacho kinaiinua isikae mferejini. Piga brashi kutoka nyuma kuja mbele, yaani kutoka upande wa shina la mkono kuelekea uso wa kichwa. Usipige kushoto na kulia, wala kinyumenyume, na usitumie kidole. Kijiti cha sindano kikionekana kimepinda au kimelala upande mmoja, usikinyooshe. Kinakatika. Badilisha sindano nzima.

Pima kama mashine imelala sawasawa. Weka pimamaji juu ya sahani, mbele na nyuma kisha kushoto na kulia, na urekebishe miguu.

Halafu uzito, ambao ndio wenye makosa mengi zaidi. Watu hununua mashine iliyotumika, wanaipakua kwenye gari, wanarudisha ule uzani wa nyuma kwa kukisia. Fanya hivi:

1. Weka kirekebishi cha mvuto wa ndani, yaani mvuto unaouburuta mkono kuelekea katikati ya santuri, kwenye 0. Ni kile kigurudumu au kiuzi karibu na shina la mkono.
2. Ondoa kifuniko cha sindano. Achia mkono ukiwa nje ya santuri, ukiulinda kwa kiganja chini.
3. Zungusha uzani wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, usawa kabisa, hauendi juu wala chini.
4. Shika uzani usizunguke, kisha zungusha pete yenye namba peke yake mpaka isome 0.
5. Sasa zungusha uzani wote pamoja na pete mpaka isome gramu zilizoandikwa na mtengenezaji wa katriji. Katriji nyingi za sumaku ziko kati ya gramu 1.5 na 2.5. Za kauri, zile za mashine za sanduku, huhitaji zaidi.
6. Weka kirekebishi cha mvuto wa ndani kwenye namba ileile ya gramu kama kianzio.

Wapo wanaoweka sarafu juu ya kichwa ili kisiruke. Inafanya kazi, ndiyo, na inalima mifereji. Hata hivyo kosa la upande wa pili halizungumzwi vya kutosha: uzito mdogo mno nao unaharibu, kwa kuwa sindano inadunda kutoka ukuta mmoja wa mfereji hadi mwingine badala ya kukaa. Kati ya robo gramu ya ziada na robo gramu pungufu, chukua ya ziada.

Mwelekeo wa kuruka unakwambia mengi. Ikiruka kwenda mbele, kuelekea katikati, mvuto wa ndani haujazuiwa vya kutosha au uzito ni mdogo. Ikirudi nyuma na kurudia mstari uleule wa wimbo, ama mvuto umezuiwa kupita kiasi, ama mkono unakwama. Kukwama unaujua hivi: ukiwa umeuweka usawa kama katika hatua ya 3, upulizie kidogo tu. Mkono mzima husogea bila kusita. Ukisimama njiani, angalia kwanza kama kile kiwiko cha kuinua mkono hakijaugusa kwa chini, kisha kama waya hauuvuti. Ukikuta shina lenyewe ni gumu au linachezacheza, hiyo ni beringi. Ipeleke kwa fundi. Usiimiminie mafuta.

“S” ZINAPASUKA, HASA MWISHO WA UPANDE

Wimbo wa kwanza ni msafi, wa mwisho umejaa mate. Kuna sababu ya kimaumbile. Santuri ya mizunguko 33⅓ inazunguka kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho, lakini duara la nje ni kubwa. Nje mfereji unapita chini ya sindano kwa takriban sentimita 50 kwa sekunde, na karibu na lebo unapita kwa takriban 21. Muziki uleule umebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Kosa lolote dogo la sindano, lililojificha nje, linajitangaza ndani.

Uchafu tena ndio wa kwanza, kisha uzito mdogo, na vyote viwili tumeshavimaliza. Baada ya hapo fikiria umri wa sindano. Ncha ya almasi ya kawaida hudumu saa 500 hadi 1,000 za kuchezwa. Ukiwa umenunua mashine iliyotumika na hujui historia yake, badilisha sindano kwanza kabla ya kuweka santuri unayoipenda, kwa sababu sindano iliyolika haikwaruzi sauti tu, inakata.

Kama sindano ni mpya na “s” bado zinapasuka, katriji imekaa vibaya kichwani. Legeza skrubu mbili na tumia karatasi ya kupimia yenye alama mbili, ambazo kwa kipimo kimoja maarufu ziko milimita 66 na karibu milimita 121 kutoka katikati ya tundu. Sindano ikikaa kwenye kila alama, mwili wa katriji unatakiwa kuwa sambamba na mistari. Sogeza, kaza nusu, pima, sogeza tena. Inachosha. Ukikaza skrubu mwishoni katriji inajizungusha nyuzi chache na unaanza upya, kwa hiyo kaza kulia kidogo, kushoto kidogo, kwa zamu. Kisha pima uzito upya, kwa sababu umeuhamisha.

Katriji za zamani zenye sindano mbili, upande mmoja wa santuri ndefu (LP) na mwingine wa mizunguko 78, zina kijiswichi cha kugeuza. Nimeona mashine zinalaumiwa kwa sauti mbovu kumbe sindano imegeuziwa upande wa 78. Ncha ya 78 ni nene karibu mara tatu au nne ya ile ya santuri ndefu, na haiingii mferejini ila inapanda juu yake.

Ukikuta sindano mpya, uzito sahihi, mpangilio sahihi, na santuri moja tu inapasuka, santuri hiyo imeshalika. Hakuna fundi wa hilo.

KASI IMEKOSEWA AU INAYUMBA

Pima kabla ya kulaumu sikio. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka santuri, shusha sindano kwa sababu nayo inavuta kidogo, na uhesabu. Kwa 33⅓ sahani izunguke mara 100 kwa dakika 3 kamili. Kwa 45 izunguke mara 90 kwa dakika 2.

Iko polepole: kwenye mashine ya mkanda, ni mkanda. Mpira unalegea, unang’aa, au unageuka lami. Inua sahani, vua mkanda, futa puli (kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda) na ukingo wa ndani wa sahani kwa alkoholi, weka mkanda mpya wa urefu sahihi. Usiushike kwa mikono yenye mafuta.

Iko haraka: mara nyingi mkanda umekaa kwenye ngazi pana ya puli, ile ya 45. Uhamishie ngazi nyembamba.

Kuna kosa moja la polepole ambalo mkanda mpya hauliponyi. Mashine za zamani zenye mota inayofuata mapigo ya umeme wa ukutani zilitengenezwa kwa Hz 60 (mapigo 60 kwa sekunde) au kwa Hz 50. Ya Hz 60 ikiletwa penye Hz 50, inapoteza sehemu moja kati ya sita ya kasi yake. 33⅓ inakuwa karibu 27.8, na waimbaji wote wanageuka wanaume wenye usingizi. Transfoma ya kushusha volti haisaidii, kwa maana inabadilisha volti bila kugusa Hz. Dawa yake ni puli ya kipenyo kingine iliyotengenezwa kwa mashine hiyo. Mota za umeme wa betri au adapta, na zile zinazoendesha sahani moja kwa moja kwa saketi, kwa kawaida hazina shida hii.

Kwenye mota za aina hizo, kasi inarekebishwa kwa skrubu ndogo, wakati mwingine kupitia vitundu viwili chini ya mashine. Geuza kidogo sana, pima, geuza tena. Kama skrubu ziko ndani, karibu na nyaya za umeme wa ukutani, usizifikie mashine ikiwa imewashwa. Mpe fundi.

Kuyumba ni jambo jingine, na siri yake ni muda. Mzunguko mmoja wa 33⅓ ni sekunde 1.8. Sauti ikipanda na kushuka mara moja kwa kila mzunguko, tazama kichwa wakati santuri inacheza: kama kinayumba kwenda kulia na kushoto, tundu la santuri halipo katikati. Mashine haina kosa. Kama kinapanda na kushuka, santuri imepinda. Mtetemo wa haraka zaidi ya huo unatoka kwenye mkanda uliochoka, kwenye mota, au kwenye lile gurudumu la mpira la mashine za zamani ambalo limepata bapa kwa kuachwa limekandamizwa miaka. Shina la katikati nalo hukauka, na tone moja au mawili ya mafuta mepesi yanatosha. Mashine zinazoendesha sahani moja kwa moja, zikiyumba pale tu unapogusa kitelezo cha kasi, zina vumbi ndani ya kitelezo. Kisogeze mwanzo hadi mwisho mara nyingi ukiwa umechomoa plagi, kisha ujaribu.

SAHANI HAIZUNGUKI KABISA

Angalia plagi, swichi ya ukutani, adapta. Halafu angalia kama mkanda umevuka puli na kulala pembeni, jambo la kawaida baada ya kuhama. Mashine nyingi hazianzi mpaka mkono usogezwe kuelekea santuri, kwa hiyo sogeza mkono kwanza. Zile za zamani zina skrubu za safari zilizokazwa ili sahani na mota zisicheze njiani, nazo hulegezwa kabla ya kutumia. Na juu ya yote, soma nyuma: je, volti zilizoandikwa ni 110 hadi 120 au 220 hadi 240? Kama kuna kichaguzi cha volti, kihakiki kabla ya plagi kuingia, si baada.

Mota ikiunguruma bila sahani kuzunguka, chomoa plagi na uzungushe sahani kwa kidole. Ikizunguka nyepesi, mkanda unateleza. Ikiwa nzito, mafuta ya zamani yamegeuka gundi.

SIMAMA HAPA: harufu ya kuungua, moshi, kapasita (kijipipa cha kuhifadhi umeme) iliyovimba, fyuzi inayokatika tena mara baada ya kubadilishwa. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, na usiwashe mara ya pili ili kuona kama itarudia. Kapasita za mashine za zamani huweza kuhifadhi chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako.

MKONO UNARUDI MAPEMA, AU HAURUDI

Ni mashine za kujirudisha tu. Grisi iliyokauka chini ya sahani ndiyo mkosaji. Plagi nje, zungusha sahani kwa mkono, kwa mwelekeo wake wa kawaida, mpaka mzunguko wa kujirudisha ukamilike. Mara nyingi hiyo inatosha kuikwamua. Usiulazimishe mkono ukiwa katikati ya safari yake, meno ya plastiki yanavunjika. Ikirudia, inahitaji kufuliwa grisi yote na kupakwa upya. Kazi hiyo ina vibanio na springi ndogo zinazoruka, na mtu asiye na subira asiianze usiku.

GRAMAFONI YA KUKOROGA

Hii ni ya mtengenezo mwingine na watu wanaitendea kama ndugu yake mdogo. Sindano ya chuma hubadilishwa kwa kila upande wa santuri, si kila mwezi. Na kamwe usiichezeshee santuri ndefu ya plastiki, maana kisanduku chake cha sauti kinakandamiza kwa zaidi ya gramu 100, na santuri hiyo haitapona.

Ikizunguka polepole na kwa mishindo, grisi ndani ya pipa la springi imeganda. Ikikimbia hovyo, gavana, yaani vile vizito vitatu vinavyodhibiti kasi, imepoteza kimojawapo. Unaweza kupaka mafuta mepesi kwenye meno na kwenye shina la gavana. Pipa la springi usilifungue. Springi ile imejikunja kwa nguvu nyingi, na ikitoka inakata mikono na uso. Kazi hiyo ni ya fundi anayeijua na mwenye vifaa vyake.

UKIIPELEKA KWA FUNDI

Vua sahani, ifungashe peke yake. Ondoa uzani wa nyuma. Funika sindano, au toa kichwa kabisa. Funga mkono kwenye kishikio chake kwa kamba laini, wala si kwa gundi ya plasta inayong’oa rangi. Peleka na santuri moja inayoonyesha tatizo, isiyo ya thamani, na mwambie fundi dalili kwa mpangilio: santuri zote au moja, upande gani, kasi gani, ulichokwisha kubadilisha ni kipi. Kama ulizungusha skrubu yoyote ya kasi, mwambie pia, la sivyo atatafuta kwingine kwa saa nzima.